Huduma Iliyokataa Kusimama

Rafiki yangu Wilhelmina ni fundi kompyuta pale Kirumba. Mchana mmoja Umang, muuza nyavu wa mtaa wa Nyakato, alimwita kwa sababu kompyuta ya stoo yake ilikuwa nzito kufanya kazi. Stoo haina dirisha na taa yake ilikuwa imeungua, hivyo mwanga ulitoka kwenye kioo cha kompyuta tu. Wilhelmina akaendesha skripti yake ya kuorodhesha huduma za Windows, yaani programu zinazofanya kazi chinichini. Moja iliitwa Dipti.

"Hii nani ameiweka?"

Umang akainama kusoma jina. "Dipti ni mke wangu. Alifariki Januari. Hapa ndipo alipokuwa anakaa."

Wilhelmina akaisimamisha. Ikaanza tena yenyewe. Akaisimamisha mara ya pili, ikaanza kabla hajaondoa kidole. Akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Feni ikanyamaza, giza likajaa stoo.

"Dada, tutoke," Umang alinong'ona.

Ndipo wakasikia kibodi ikigonga. Wilhelmina akawasha tochi ya simu. Kiti kilikuwa kitupu, lakini vitufe vilikuwa vinabonyea kimoja kimoja, na kila kimoja kilikawia kurudi juu, kama kidole bado kimekilalia.