Sauti Kwenye Pipa

Katika nyumba ile maji ya bomba yalitoka mara mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa alfajiri, na kazi ya kujaza mapipa ilikuwa ya Kiroboto. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu ajue kutembea alikuwa hajawahi kukaa mahali pamoja kwa dakika mbili. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku za maji aliburuta mpira hadi koridoni, akautumbukiza katika pipa la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Mapipa yale makubwa ya plastiki yakijaa, yalitanuka na kugonga. Tok. Kisha kimya. Kisha tok tena, kana kwamba kuna mtu ndani anayeomba kufunguliwa.

Korido ilikuwa nyembamba, na balbu yake ilikuwa imeungua siku nyingi. Mwishoni mwake kilikuwa chumba cha Dada, aliyekuwa akisomea uuguzi kwa simu kwa kuwa chuo kilikuwa mbali. Kwa wiki tatu sasa masomo yake yalikuwa yameingiwa na jambo la ajabu. Kila Jumanne na Ijumaa uso wa mwalimu uliganda kwenye simu, mdomo wazi, macho yakimkodolea Dada bila kupepesa. Sauti yake ilivutika ikawa nzito, kama ya mtu anayesemea chini ya maji, halafu ikakatika. Siku iliyofuata waifai ilipata nafuu kidogo, na siku moja kabla ya maji kutoka tena ilikuwa nzima kabisa.

Dada alijaribu kila alilojua. Alizima simu akaiwasha. Alifuta jina la waifai kwenye simu, akaunganisha upya. Alihamia dirishani, kisha sebuleni, na kote hali ikawa ile ile.

"Nyumba hii ina mwenyewe," Bibi alisema jioni moja, akikunja nguo. "Mama aliyeijenga alifia humo humo koridoni, ndoo mkononi, akiwachotea wanawe maji. Siku ya maji, nasikia."

Hapo Kiroboto angeweza kunyamaza tu. Lakini mdomo wake nao ulikuwa kiroboto.

"Hata mimi nimemwona, Bibi," alisema. "Alisimama karibu na mapipa, amenipa mgongo."

Uongo huo haukuwa wa kwanza, ulikuwa na mkubwa wake. Wiki tatu nyuma, Mama akiwa hayupo, Kiroboto aliruka kamba sebuleni, jambo alilokatazwa mara mia. Kamba ilinasa waya wa ruta, kile kisanduku cha waifai kilichokaa juu ya kabati, nacho kikaanguka na kuvunjika antena moja. Taa zake zilikuwa bado zinawaka. Kiroboto alikibeba mbio, akakichomeka kwenye soketi ya chini nyuma ya mapipa, mahali ambapo hakuna mtu mwingine wa nyumba ile aliyeweza kupenya. Mama alipouliza, alijibiwa kuwa fundi alipita, akasema kisanduku kinataka mahali penye ubaridi. Mama, aliyekuwa na sare za watoto wa watu za kushona mpaka shingoni, aliamini.

Usiku ule wa maneno ya Bibi, Dada alimwita Kiroboto kando.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Ulimwona?"

"Nilimwona, Dada."

Tangu hapo Dada alilala mlango wazi na taa ikiwaka, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Kiroboto alimwonea huruma, lakini antena iliyovunjika ilimtisha kuliko macho ya dada yake.

Mama hakuwa mtu wa mizimu. "Mimi sijui habari za marehemu," alisema, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Ninachojua, Ijumaa saa nne asubuhi mwanangu anafanya mtihani mbele ya walimu watatu kwa simu hiyo. Atakayepotea kwa dakika tano amefeli, na nafasi yake chuoni inapewa mwingine. Nimeshampigia fundi. Atafika saa mbili."

"Mama, fundi ataweza nini mbele ya marehemu?" Kiroboto alijaribu.

"Atapigana naye," Mama alijibu, akaendelea kushona.

Alhamisi jua likizama, Kiroboto alitumwa jagi la maji. Korido ilikuwa na giza. Nyuma ya mapipa taa ya kijani ilikonyeza, ikazimika, ikakonyeza tena, na kila ilipowaka ukuta ulipata rangi ya maji machafu. Mapipa mawili yalikuwa matupu, na la tatu lilikuwa na maji kidogo chini kabisa. Aliinama, akaingiza kichwa na mkono.

Ndani ya pipa, sauti ya mwanamke ilisema taratibu, "Ninakuona sasa. Ninakusikia vizuri."

Jagi lilimtoka. Alikimbia huku akijigonga ukutani, akajitupa miguuni mwa Mama. Alikuwa amemtunga marehemu yule kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa marehemu alikuwa anamjibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Dada alitoka chumbani, simu mkononi. "Kuna nini? Nilikuwa najaribu mtandao na mwalimu. Leo uko safi, kila neno lake nimelisikia."

Kumbe ilikuwa sauti ya mwalimu, iliyopenya mlango uliokuwa wazi na kuvuma ndani ya pipa tupu. Kiroboto alielewa, lakini jagi hakulirudia usiku ule.

Ijumaa alfajiri alijaza mapipa matatu hadi ukingoni. Saa mbili ilipita, na kila mtu anaijua saa mbili ya fundi. Saa nne Dada alifunga mlango wake. Bibi alikaa sebuleni akiomba dua, midomo ikimchezacheza. Mama alinyamazisha cherehani.

Dakika chache tu zilipita. Kutoka chumbani ilisikika ile sauti nzito inayovutika, ya chini ya maji. Kisha kimya. Kisha Dada, "Haloo? Mnanisikia? Haloo?" Sauti yake ilikuwa imeanza kulia.

Tok, likagonga pipa.

Kiroboto alisimama koridoni. Sauti ya chini ya maji. Jana mapipa yalikuwa matupu, na sauti ilikuwa safi. Leo yamejaa. Na kisanduku kiko nyuma ya maji yote hayo, alikokificha yeye.

Alijua vilevile kwamba akikitoa, Mama ataiona antena. Alisita. Halafu akamsikia Dada akilia.

Alipenya nyuma ya mapipa, akachomoa kisanduku, akakimbia nacho hadi sebuleni mbele ya macho ya wote. Alipanda kiti, akakiweka juu ya kabati, akakichomeka. Taa iliwaka nyekundu. Mama aliitazama antena, akamtazama Kiroboto, akatazama saa ya ukutani. Nyekundu. Nyekundu. Kisha kijani.

"Tunakuona," sauti tatu zilisema chumbani. "Endelea."

Zilikuwa zimepita dakika nne.

Fundi alifika saa saba, akicheka kabla ya kuulizwa. Aliposikia yaliyotokea, aligonga pipa kwa ngumi. "Maji humeza mawimbi ya waifai. Ukiweka mapipa matatu mbele yake, umeijengea jela. Ruta hukaa juu, mahali pa wazi." Akageuka. "Ila hilo la ubaridi, mama, mimi sijawahi kulisema."

"Shikamoo, fundi. Nilikusingizia mimi," Kiroboto alisema, akatamani ardhi ipasuke. "Nisamehe."

Dada alikuwa ameketi, macho bado mekundu. Alifaulu, lakini hakumkumbatia Kiroboto siku ile, na Kiroboto alijua sababu.

Mama alimweka mbele yake. "Kuvunja ni bahati mbaya. Ungesema siku ile, ungegombezwa kidogo, basi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidogo nafasi ya dada yako ife kwa ajili ya antena. Na kuna jingine. Fundi ulimsingizia, ana mdomo, amejitetea. Marehemu ulimsingizia, naye hana wa kumsemea. Mama wa watu alikufa akiwachotea wanawe maji, wewe ukamfanya jini. Siku zote ukitaka kusema uongo, fikiria nani ataubeba."

Jumanne alfajiri Kiroboto alijaza mapipa kama kawaida. Juu yake balbu mpya ilikuwa inawaka. Alipofunga bomba, alisimama kidogo.

"Nisamehe, mama," alimnong'oneza yule marehemu.

Tok, likajibu pipa.

Alijua ni plastiki inayotanuka. Hata hivyo, alisubiri kidogo kwa heshima, ndipo akaondoka.