Zulia na Mifuko Miwili ya Shangazi

Kila asubuhi kabla ya shule, Majibu alifagia banda la mbwa, akamwaga maji ya jana na kuweka mapya, huku watoto wa mbwa wakimng'ang'ania pindo la sketi. Jina hilo alipewa darasani, kwa sababu swali lilikuwa halijaisha, yeye ameshalijibu. Mara nyingi alipatia, na hilo ndilo lililomponza.

Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa fundi wa ngozi. Alishona mikanda na pochi katika chumba cha mbele kilichonukia gundi. Lakini watu wa mbali walimfahamu kwa mbwa wake chotara. Alichanganya damu ya mbwa wa mbio, wale wembamba wenye miguu mirefu, na damu ya mbwa wa kuchunga mifugo, ili apate mbwa mwenye kasi na akili. Hakuwahi kubandika tangazo, maana chema chajiuza. Mtu akisikia mbwa katoka kwa Fundi, haulizi mara mbili.

Siku moja shangazi alikwenda kununua ngozi, na dereva wa lori akaja kumchukua mtoto wa mbwa aliyewekewa.

"Shikamoo, mjomba. Shangazi hayupo, lakini mimi najua kila kitu."

"Marahaba, mjuzi wangu. Haya, hawa wana damu gani?"

"Baba yao ni nusu mbio, nusu kuchunga. Mama yao vilevile. Kila mzazi anatoa nusu ya alichonacho. Nusu ya nusu ni robo, na robo mbili ni nusu. Kwa hiyo wote ni nusu kwa nusu, wanalingana kama vikombe vya seti moja."

Hesabu ilikuwa safi, na dereva alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Mara akatokea mtoto wa mwisho kutoka nyuma ya ndoo. Wenzake wote walikuwa na manyoya mafupi, laini, kama baba na mama yao. Huyu manyoya yalimfunika hadi machoni.

"Na hili zulia limetoka wapi?" dereva aliuliza. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, binti. Baba laini, mama laini, huyu je? Au mama yake aliruka ukuta?"

Majibu hakujua. Lakini kunyamaza hakukuzoea, na ulimi ukamtangulia. "Labda aliruka," alisema.

Dereva alimrudisha chini mtoto wa mbwa aliyekuwa amemshika. "Basi hata hawa wengine siwaamini. Mwambie Fundi namheshimu, ila mbwa wa kubahatisha sitaki. Na wenzangu kule uwanja wa mbio za mbwa nitawaambia."

Shangazi aliporudi, Majibu alimweleza yote, hata lile "labda". Shangazi alikaa kwenye kigoda bila kutua mzigo wake.

"Nimelijenga jina langu tangu hujazaliwa," alisema polepole. "Leo umelibomoa kwa neno ambalo hukulijua."

Majibu alilia kwa uchungu. Zulia, ambaye jina lilikuwa limeshamganda, alikuja akamlalia miguuni. Shangazi aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi, akavaa aproni yake ya kazi yenye mifuko miwili. Kila mfuko aliutia kifungo kimoja cheusi na kimoja cheupe.

"Cheusi ni manyoya mafupi, cheupe ni marefu. Bibi zake Zulia, mzaa baba na mzaa mama, wote walikuwa mbwa wa kuchunga wenye manyoya marefu. Mfuko huu ni baba, huu ni mama. Fumba macho, toa kimoja kimoja. Kikitoka cheusi hata kimoja tu, kinamfunika mwenzake, na mtoto anakuwa laini."

Majibu alitoa viwili vyeusi. Akavirudisha, akatoa cheusi na cheupe. Akarudia, tena na tena, hadi mikononi mwake vikalala vyeupe viwili.

"Zulia!" alipiga kelele. "Kumbe baba na mama walimficha ndani yao!"

"Hawakumficha, walimbeba. Na miguu nayo ina vifungo vyake, na masikio, na akili. Nusu yako ni sahihi, mwanangu, ila haikuambii ni nusu ipi."

Majibu alifuta machozi. "Kesho nitakwenda uwanjani kumwambia mwenyewe."

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na kesho yake Majibu alifika na shangazi, wakiwaongoza Zulia na ndugu zake kwa kamba. Wenye mbwa walikuwa wamepindua baiskeli. Mmoja alizungusha pedali, gurudumu likavuta kamba iliyofungwa kitambaa, nao mbwa wakikikimbiza. Majibu alisimama mbele yao wote.

"Mjomba, nilikwambia mama yake labda aliruka. Sikujua, nilisema tu. Shangazi hajawahi kumdanganya mtu." Akamnyooshea ile aproni na kumweleza maana ya vifungo vyeusi na vyeupe. "Tafadhali, toa mwenyewe."

Dereva alitoa vifungo huku wenzake wakimtania. Vilipotoka vyeupe viwili, alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, manyoya nimekubali. Lakini zulia linakimbia?"

Kitambaa kikavutwa. Wale laini walichomoka mbele, wazuri ajabu, migongo ikijikunja na kunyooka. Zulia aliachwa nyuma kidogo tu. Kitambaa kilipokaribia tairi bovu lililolazwa uwanjani ili kamba ikatie kona hapo, wenzake waliendelea kufuata kitambaa. Zulia aliinua kichwa, akakata njia moja kwa moja, akakitangulia, akalala chini kukisubiri. Ndivyo bibi zake walivyokuwa wakiwawahi mbuzi. Uwanja mzima ulishangilia, na Majibu alijisikia kama aliyekimbia yeye.

"Fundi, nisamehe," dereva alisema. "Wangu nitakuja kumchukua leo leo. Au nipe huyu."

"Huyu ana mwenyewe," shangazi alijibu, akimpa Majibu kamba ya Zulia.

Dereva aligeuka. "Haya, mjuzi. Akikua, akazaa na dume la mbio tupu, watoto watakuwaje?"

"Robo tatu mbio, robo kuchunga."

"Watakuwa na kasi kuliko mama yao?"

Majibu alifungua kinywa, kisha akakifunga. Akamtazama Zulia aliyekuwa akitafuna kitambaa.

"Sijui, mjomba," alisema. "Tutawatazama."

Shangazi alimwekea mkono begani. "Hesabu inakuambia kilichomo mfukoni," alisema. "Kilichotoka, kiangalie kwa macho yako. Na kabla hujakiona, sema hujui. Jina langu lingepona kwa neno hilo moja."