Bata wa Gramu Thelathini na Nane

Kila asubuhi kabla ya shule, Sisimizi, mtoto aliyepewa jina hilo kwa udogo wake, alipitia karakana kumpelekea mama yake chupa ya chai. Mama alikuwa rubani wa ndege isiyotumia hata tone la mafuta. Mabawa yake marefu yalifunikwa kwa paneli za sola, na leo, Jumamosi, ingempandisha mtu juu ya mawingu kwa mara ya kwanza.

Fundi mkuu, waliyemwita Mzee Gramu, alipima kila kitu. Hata mpini wa mswaki wa rubani aliukata.

"Ukisogelea ndege yangu, nitakukata kucha upungue uzito!" alimtania Sisimizi.

Mama alipoketi ndani, Mzee Gramu alisoma mizani iliyowekwa chini ya magurudumu. Akasoma tena. Kicheko kikamkauka.

"Imezidi gramu thelathini na nane. Fungueni mabawa, tutafute!"

"Mzee, jua linapanda," mama alisihi. "Tukichelewa, betri hazitajaa. Na kuanzia kesho ni mvua wiki nzima."

"Bora tukose safari, rubani."

Sisimizi akamtazama mama yake. Jana alishonea bata wa mti, aliyemchonga mwenyewe, ndani ya koti la mama, ili mama asiwe mpweke huko juu. Akisema, huenda asikanyage tena karakana. Alifumba macho. "Mungu wangu, nipe ulimi," aliomba kimoyomoyo.

"Babu," alisema, machozi yakimlengalenga, "ni mimi. Ni bata."

Mafundi waliacha kufungua mabawa, bisibisi mkononi. Mama alipapasa koti, akakata uzi, akamtoa. Bata akapimwa: thelathini na nane kamili!

Mzee Gramu akaangua kicheko, na wote wakamfuata. Kisha akachutama mbele ya Sisimizi.

"Mjukuu wangu, gramu hizi haziangushi ndege. Nilichoogopa ni kitu nisichokijua. Ingekuwa bisibisi iliyosahaulika penye usukani, tungempoteza mama yako. Umesema kweli mapema, na kweli hiyo imeokoa safari. Ila siku nyingine, uliza kwanza."

"Basi bata abaki?" mama aliuliza.

"Aandikwe kwenye orodha ya mizigo. Nawe, rubani, utoe biskuti zako kufidia uzito."

Ndege ikapaa bila ngurumo, ikimeremeta. Adhuhuri, redio ya karakana ilikoroma.

"Sisimizi, tuko juu ya mawingu, Mungu ni mwema! Ila huyu bata wako hana adabu. Ananidai biskuti!"