Kimevurugwa

Ukurasa wa mwisho wa kitabu hauhitaji kishikizo. Hilo kila mtu alilijua katika chumba cha maandishi ya kale, ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo. Waandishi wa zamani hawakuwa na habari na namba za kurasa. Chini ya kila ukurasa waliandika neno moja dogo, lile litakaloanza ukurasa unaofuata, ili jani lisimpoteze mwenzake, na watu wa chumba kile waliliita kishikizo. Sasa, jani la mwisho limshike nani? Lakini jani la arobaini, la mwisho, la kitabu kimoja mle lilikuwa na kishikizo chake, peke yake kwenye kona, nacho kilisomeka: "nipo".

Mkutubi aliyekuwa akikisoma alitabasamu, akadhani mwandishi alikuwa na utani. Wenzake walimwita Mama Nyoosha, na hawakumsingizia. Ni mtu ambaye akienda kwa watu hupanga kwanza viatu vya mlangoni, ndipo apige hodi. Kitabu alikikuta ndani ya kopo la biskuti, Kiswahili cha zamani kwa herufi za Kiarabu, majani yote shaghalabaghala, na kadi yake ina neno moja tu: "Kimevurugwa". Kimevurugwa na nani? Mama Nyoosha aliguna, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha: "Kimevurugika". Kisha akakaa wiki mbili akifuata kishikizo kimoja baada ya kingine, mpaka kila jani likarudi kwa jirani yake.

Haraka alikuwa nayo. Kwa mara ya kwanza chuo kilikuwa kimekubali watumishi wa maktaba wasimame mbele ya maprofesa waeleze utafiti wao wenyewe. Miaka yote walihesabiwa kuwa watu wa kubandika lebo na kunyamazisha wanafunzi, na yeye alitaka siku hiyo imkute na kitu mkononi. Haraka hiyo ndiyo iliyomsahaulisha sheria ya kwanza ya kazi: kabla hujahamisha jani, andika lilikokuwa. Hakuandika.

Jumatatu mchana alikisoma chote kwa sauti ndogo, apate kusikia vina. Alipolitamka neno la mwisho, chumba kizima kikanuka wino mbichi, na kitabu kile kilikuwa kimemzidi umri bibi wa bibi yake.

"Hewa nzito humu," alijisemea. "Ngoja nifungue dirisha."

"Dirisha," ikasema sauti nyuma ya kabati.

Haukuwa mwangwi. Mwangwi hukurudishia sauti yako, na hii ilikuwa kavu, ya mtu mzima, ikalitamka neno lile kama mtu anayeanza kusema lake, halafu ikangoja. Mama Nyoosha alizunguka kabati. Kulikuwa na maboksi, na lile vumbi alilokuwa amelifuta asubuhi, limerudi.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja wa miaka sita, aliyepewa jina la Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. Jioni ile mtoto alikuwa mezani anachora.

"Wewe, hujamaliza maziwa," mama yake alimwambia.

"Maziwa nitamaliza."

"Ukimaliza nenda kaoge."

"Kaoge nitaenda."

Baba yake alicheka mpaka chai ikampalia. "Mke wangu, leo Redio yako inaongea kama karani anayeandikisha maelezo!"

Jumanne hakuna aliyecheka. Redio hakuwa tena na maneno yake. Alikuwa akidaka neno la mwisho la yeyote aliyesema, akalitamka, kisha akainamisha kichwa upande na kungoja, mdomo wazi kidogo. Jumatano mwalimu alimrudisha nyumbani kabla ya saa nne. Daktari alimmulika koo, akamchungulia masikio, akasema, "Huyu mzima kabisa."

"Kabisa," alisema Redio, kwa ile sauti kavu.

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi yake na hakuinua tena macho mpaka walipotoka.

Mama Nyoosha aliogopa. Akawa hawezi kukaa wala kusimama, akiingia chumbani anatoka, akitoka anarudi, akimtazama mwanawe anamkuta anamtazama yeye mdomoni, si machoni, akisubiri kama paka anavyosubiri mlangoni mwa panya, na kila alipojitia moyo kumwita ampe pole alikumbuka kwamba pole nayo ina neno la mwisho, na kwamba neno hilo angekuwa amemlisha yule mwingine aliyekuwa akinenepa ndani ya mtoto wake.

Alhamisi Mzee Gundi alirudi kutoka likizo. Huyu alikuwa fundi wa kujalidi na kutengeneza vitabu pale, miaka thelathini sasa, na vidole vyake havikuwahi kutakata. Alimsikiliza Mama Nyoosha, ya kitabu na ya mtoto, mpaka mwisho. Halafu akaomba kadi.

"Nani kasahihisha hapa?"

"Mimi, mzee wangu. Neno lilikuwa limekosewa."

"Limekosewa," ikasema sauti nyuma ya kabati.

Mzee Gundi alimsogelea, akanong'ona. "Wewe msomi mzima, kuvurugika na kuvurugwa ni kitu kimoja? Maziwa yakimwagika, bahati mbaya. Yakimwagwa, yupo aliyemwaga, na alikuwa na sababu yake. Kadi hii aliandika fundi aliyenifundisha kazi. Kitabu hicho ni mwito, mwanangu. Mtu aliukata vipande arobaini akavichanganya, ili anayeitwa asisikie jina lake. Umekwenda kumwamsha aliyelala."

"Basi nivuruge tena!"

"Ovyo ovyo haisaidii. Aliyekivuruga alifuata hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zilizomfunga anayeitwa."

"Na mimi sikuandika ule mpangilio."

"Mpangilio," ikasema sauti. Sasa ilikuwa upande wao wa kabati.

Mzee alimziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya gundi. Kisha akavuta kipande cha karatasi, akaandika: "Tusimpe neno. Tumtafute mdudu." Akainua jani moja dirishani. Tundu dogo kama la sindano likapitisha mwanga. Akaandika tena: "Huyu hakwenda shule. Alitoboa kitabu kama alivyokikuta."

Wakaanza. Jani juu ya jani, tundu kwa tundu, walitafuta njia ya mdudu aliyekuwa amekula kitabu kile wakati kimevurugwa, bila kusema, bila kukohoa, huku harufu ya wino ikizidi mpaka ikawa inawasha macho, na kitu kikitembea nyuma ya migongo yao kwa hatua za mtu asiye na haraka, kikisimama kila waliposimama, kikipumua kwenye shingo ya Mama Nyoosha, naye akihesabu moyoni, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, akirudisha jani lililokataa, akijaribu jingine.

Simu ikatikisika mezani. Ujumbe wa mume wake: "Ameanza kusema mwenyewe. Anasema: nipo. Njoo, mke wangu."

Hakwenda. Alilia bila sauti na kuendelea kupanga, na huo ndio uzito mkubwa kuliko wote aliowahi kubeba.

Jani la arobaini liliangukia katikati ya kitabu. Mzee alikiinua chote dirishani, na nukta moja ya mwanga ikapita majani yote ikatua juu ya meza. Harufu ikakatika. Simu ikaita.

"Mama," ilisema sauti nyembamba, yenye pengo la meno, "baba ameunguza mayai na anataka nisikwambie."

Mama Nyoosha alikaa chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Gundi alimwacha amalize, huku akikifunga kitabu kwa uzi.

"Karatasi tumezivuruga," alisema polepole. "Na kichwani?"

Alitaka kujibu kwamba amesahau. Akajaribu kuukumbuka mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ukavuta wa pili, wa pili ukavuta wa tatu, kina kwa kina, kila neno limemshika mwenzake sawasawa kama alivyoyapanga yeye mwenyewe. Akajiziba masikio.

"Nifanye nini, mzee?"

"Huyo hushika mwisho. Mbele ya mtoto, usimalize neno."

Siku ya maprofesa ilipita bila yeye. Aliomba radhi kwa barua, na wapo waliosema, si mnaona, watu wa lebo. Hakujali. Nyumbani alianza kusema nusu nusu, na mume wake alizoea, maana mtu huzoea. Redio yeye alifurahi. Aliona ni mchezo, ule wa mwalimu darasani anayeacha neno likining'inia ili watoto walimalizie.

Asubuhi moja walikuwa mlangoni, mama amepiga magoti anamfunga kamba za viatu.

"Umechukua dafta...?"

"Ri!"

"Na chupa ya ma...?"

"Ji!"

Mtoto alicheka, na mama naye akacheka, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanawe, na kwa siku nyingi hakuwa amecheka. Akamkumbatia.

"Haya, mwanangu. Nakupe..."

Redio aliinamisha kichwa upande. Akangoja kidogo.

"Leka," akasema kwa ile sauti kavu, akaushika mkono wa mama yake, akaanza kuvuta.