Vitabu vya Kabatini

Nyumbani kwangu Cofimvaba, Afrika Kusini, kuna kabati la vioo. Zamani mlikuwa na sahani sita za wageni, birika lenye maua, na picha ya marehemu mume wangu akiwa amevaa koti la kuazima. Nami nililifunga siku zote. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa aproni yangu, pamoja na kikopo cha ugoro.

Chini ya sahani palikuwa na vitabu saba. Binti yangu Nosiphiwo alivituma kutoka Cape Town, ambako anafanya kazi katika nyumba ya watu. Vilikuwa vitabu vya watoto, vya Kiingereza, vyenye picha nzuri.

"Mama, uvitunze," aliniambia kwenye simu.

Nami nikavitunza. Nilikivika kila kimoja mfuko wa nailoni, nikavifungia.

Mwanawe wa kike, Sinazo, naishi naye mimi. Wakati huo alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Kila jioni nilipokoroga chungu cha mahindi na maharage, alisimama karibu na jiko na kitabu chake cha shule. Alisoma kwa sauti nzuri, kama mtu anayeimba kanisani. Moyo wangu ulishiba kabla ya tumbo.

Mwezi wa Juni, mwalimu wake aliniita shuleni. Darasa lake lilikuwa na watoto hamsini na watatu. Alionekana amechoka, lakini alinipa kiti chake, yeye akasimama.

"Bibi," alisema, "Sinazo hajui kusoma."

Nilicheka. "Mwalimu, labda ni Sinazo mwingine. Wangu anasoma kila jioni!"

"Ni huyu huyu wako. Mambo yakibaki hivi mpaka Desemba, atarudia darasa."

Nilishika njia ya nyumbani. Nosiphiwo huja mara moja tu kwa mwaka, Desemba. Ningemwambia nini? Yeye anainama kusugua sakafu za watu ili mtoto asome.

Njiani nilikutana na jirani yangu MaRhadebe. Alikuwa mpishi wa hospitali hadi alipostaafu. Sasa huuza maandazi.

"MamBhele!" aliniita. Kwetu mwanamke huitwa kwa ukoo wa baba yake. "Mbona uso umekunjamana kama blanketi lililolaliwa na mbwa?"

Nilimweleza. Hakucheka, wala hakusema pole. Alisema, "Jioni nitakuja nimsikilize."

Alikuja na maandazi mawili ya moto ndani ya karatasi. Sinazo alisimama mahali pake pa kila siku, akaanza kusoma. Mimi nilitazama chungu. MaRhadebe alitazama macho ya mtoto.

"MamBhele, geuka," alininong'oneza.

Niligeuka. Sinazo alikuwa anasoma huku anawatazama kuku nje ya dirisha.

MaRhadebe alimwita karibu. Aliweka kidole katikati ya ukurasa. "Mama, hapa pameandikwa nini?"

Midomo ya Sinazo ikaanza kutembea kimyakimya, kuanzia juu kabisa ya ukurasa. Alikuwa anauanza wimbo upya ili aufikie mstari ule.

Nilipandwa na hasira. "Kumbe miaka yote hii unanidanganya!"

Mtoto alianza kulia.

"Taratibu, MamBhele," alisema MaRhadebe. "Hajamdanganya mtu. Darasani wako wengi, wanasoma wote pamoja kwa sauti. Yeye anashika kwa sikio. Sikio lake limefanya kazi ya jicho, na limeifanya vizuri sana. Mtoto mjinga hawezi hivyo." Akampa andazi. "Kula, mama. Kosa si lako."

Niliona haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza kila jioni bila kutazama hata siku moja.

"Una vitabu vingine humu ndani?" MaRhadebe aliuliza.

Nilitoa ufunguo, nikafungua kabati. Nilikuwa na fahari kidogo. Alivitazama vile vitabu kwa muda mrefu.

"Hawa marehemu walikufa lini?"

"Marehemu gani?"

"Hawa uliowavika sanda."

"MaRhadebe, acha mzaha! Mikono ya mtoto ina mafuta. Vitaharibika."

"Kitabu cha mtoto kikichafuka kwa kusomwa, hakijaharibika. Kikizeeka kisafi kabatini, ndipo kimeharibika. Mtoto ajifunze kukigusa, kukifungua, kukirudia. Umfundishe tu kunawa mikono."

"Lakini ni vya Kiingereza. Hata mimi sivielewi."

"Ndiyo maana nimeleta hiki." Alitoa kitabu chembamba cha Kixhosa, lugha yetu, chenye picha ya mbuzi. "Aanze na lugha anayoiota usingizini. Akishajua kusoma hii, macho yatakuwa yameijua njia. Kiingereza kitafuata."

"Nani atamfundisha? Mwalimu ana watoto hamsini na watatu."

"Wewe."

Nilishtuka. "Mimi niliishia darasa la tano! Biblia yenyewe naisoma kama konokono."

"Konokono ndiye ninayemtafuta. Mtoto huyu hawezi kumfukuzia swala." Kisha akanieleza polepole. "Robo saa tu kila siku. Kaeni ubavu kwa ubavu, wote mwone ukurasa. Pitisha kidole chini ya maneno. Akikwama, usimrukie. Vuta pumzi tano, umpe nafasi. Akishindwa kabisa, msaidie neno hilo, mwendelee. Usimpige, usimcheke. Na kabla ya kufungua ukurasa, muulize anadhani kutatokea nini."

"Basi?"

"Basi. Na Jumatano na Jumamosi mchana umlete ukumbi wa kanisa. Nina watoto kumi na tisa pale, na mimi ni mmoja. Ukija tutakuwa wawili."

"Wanakulipa kiasi gani?"

"Hakuna malipo. Tunajitolea. Watu wa maktaba walinifunza siku tatu, wakanipa mkoba wa vitabu. Kazi ni kukaa na mtoto na kutokuwa na haraka."

Kutokuwa na haraka nilikuweza. Jumatano nikaenda.

Ukumbi ulikuwa na baridi, watoto wamejifunika mablanketi. MaRhadebe alinipa watatu, Sinazo mmoja wao. Tulisoma kile kitabu cha mbuzi aliyekula kofia ya mchungaji. Ukurasa wa pili nilikutana na neno refu, nikakwama. Nilisubiri watoto wacheke.

Sinazo aliweka mkono wake juu ya goti langu. "Vuta pumzi tano, Bibi," alisema.

Nikavuta. Neno likatoka.

Tulipokuwa tunarudi, mzee Mthetheleli, jirani yetu, alikuwa ameegemea uzio wake.

"Hee, MamBhele! Nasikia umerudi darasa la kwanza. Sare yako iko wapi?"

"Iko kwenye kamba, inakauka! Wewe mlete mjukuu wako badala ya kuhesabu wapita njia."

Alicheka mpaka akakohoa. Jumamosi alikuja na mjukuu wake. Alisema anapita tu. Alikaa mpaka mwisho, na wiki iliyofuata alibeba kuni za kuwasha jiko la ukumbi. Hakumwambia mtu.

Haikuwa njia iliyonyooka. Kuna siku Sinazo alisoma mistari mitatu, kesho yake akashindwa hata mmoja. Mwezi wa Agosti alikitupa kitabu chini.

"Sitaki! Mimi ni mjinga!"

Ulimi wangu ulitaka kumkaripia. Nilivuta pumzi, sijui kama zilikuwa tano au kumi. Nilikiokota kitabu, nikakiweka mezani. Nikatengeneza chai, vikombe viwili.

"Leo nitasoma mimi," nilisema. "Wewe kunywa chai unisahihishe."

Nilisoma. Nilikosea neno moja, nadhani kwa macho yangu mabaya.

"Hapana, Bibi. Tazama vizuri. Hapo si 'kofia'. Ni 'koti'."

Tukatazamana. Hakuwa amewahi kuusikia mstari ule. Kitabu kilikuwa kipya, tulikichukua siku hiyo hiyo.

Mwezi wa Oktoba nilikuwa namenya viazi. Sinazo alikuwa amekaa sakafuni na kitabu, midomo imefungwa. Ghafla akaangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Subiri, Bibi, nimalize!"

Niliweka kisu chini. Mtu anayeimba alichokariri hacheki. Huyu alikuwa ameona jambo kwenye karatasi, akalielewa kimya, likamchekesha peke yake. Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu, ingawa nilikuwa namenya viazi.

Desemba Nosiphiwo aliwasili na mabegi yake. Kabla hata ya kukaa, alilitazama kabati.

"Mama, vitabu viko wapi?"

Nilimwonyesha. Kimoja kilikuwa chini ya mto, kingine kwenye sanduku la kuni. Cha tatu kilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Uso wa binti yangu ulibadilika.

"Mama! Nilivifunga vizuri kwenye kadibodi visikunjike njiani. Nilikuomba uvitunze!"

"Ulivituma vitunzwe au visomwe?" nilimuuliza kwa upole.

Sinazo alikichukua kile chenye alama ya mafuta. Alikaa ubavuni mwa mama yake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza. Alisoma polepole sana, akikwama, akivuta pumzi. Macho yake hayakwenda dirishani hata mara moja. Nosiphiwo alifungua kinywa kumsaidia, nikamgusa bega. Akasubiri. Neno likatoka lenyewe.

Ukurasa ulipoisha, Nosiphiwo alipitisha kidole chake juu ya ile alama ya mafuta.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ya andazi la MaRhadebe," alisema Sinazo. "Palikuwa patamu hapo, Mama. Nilisahau kunawa."

Binti yangu alicheka huku akifuta macho. Kisha aliinua barua ya shule iliyokuwa mezani. Iliandikwa kwamba Sinazo anaingia darasa la tano. Aliikunja, akaitia kifuani.

Jumatano alikuja nasi ukumbini. Wakati huo tulikuwa watu wazima watano na watoto thelathini na mmoja. Siku ya kurudi Cape Town, alitoa zile sahani za wageni, akazipanga jikoni tuzitumie kila siku. Kabati likabaki la vitabu.

Sasa watoto wa jirani huingia, hufungua, huchukua, hurudisha. Wengine hawarudishi upesi, nami sina haraka. Ufunguo uko mahali fulani humu ndani. Sijautafuta.