Sekunde Tatu za Medius

Medius alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mama yake, Eseri, alishazoea kumtuma sokoni mapema kuliko watoto wengine. Kununua nyanya tano tu ilikuwa shughuli. Medius aliinama mbele ya kila fungu, akaichukua nyanya, akaigeuza, akairudisha, akachukua nyingine. Alhamisi moja asubuhi, katika soko la Mpondwe, muuzaji mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka alishindwa kujizuia.

"Weye mutoto, hii yote iko nyanya! Unatafuta nini ndani yake?"

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Medius naye akacheka, lakini hakuongeza kasi. Alipofika nyumbani, nyanya zote tano zilikuwa nzima, na chai yake ilikuwa imepoa zamani.

Rafiki yake Shadiah alikuwa kinyume chake kabisa. Baba yake aliendesha lori la mizigo kati ya Bwera na Kasese, na jirani zao walisema kwamba Shadiah amezaliwa na injini kifuani. Mwalimu hajamaliza swali, yeye ameshajibu. Mara nyingine jibu lilikuwa sahihi. Mara nyingine lilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza, na darasa zima lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka.

Wote wawili walichezea timu ya mpira wa pete ya shule yao hapo Bwera. Madamu Nabasa, mwalimu wa michezo, alimfanya Shadiah nahodha na Medius msaidizi wake. Wenzao walishangaa. Katika mchezo huo haruhusiwi mtu kukaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde tatu, na Medius alihitaji muda mrefu kuliko huo kuchagua mahali pa kuketi.

Jumamosi iliyofuata walipanda basi dogo kwenda Kasese kwenye mashindano ya shule. Waliimba njia nzima, sauti zikawakauka kabla hata ya kucheza. Mechi ya kwanza waliifunga timu ya Kitswamba bila taabu. Hamidah, mfungaji wao, alitumbukiza mipira kana kwamba pete ilikuwa ikimwita. Shangazi yake alikuwa amekuja kutoka Kahendero kumtazama, na kila bao lilipoingia alipiga vigelegele.

Mechi ya pili ilikuwa balaa. Medius alidaka mpira katikati ya uwanja, akamtazama Hamidah, akamtazama Shadiah, akawaza ni nani aliye wazi zaidi. Filimbi ikalia: muda umepita, mpira kwa wapinzani. Ikalia mara ya pili, halafu ya tatu. Shadiah naye alikuwa akirusha mpira kabla hajajua anamrushia nani, na mara mbili alimtupia msichana wa timu nyingine, aliyeupokea kwa tabasamu. Walishinda kwa bao moja tu, na walitoka uwanjani wakigombana.

"Wewe unafikiri mpaka mpira unaota mizizi!" Shadiah alifoka.

"Na wewe unarusha halafu ndiyo unafungua macho!" Medius alimjibu.

Ronah, mchezaji wa akiba, msichana mrefu asiye na maneno mengi, aliwaletea maji. Walikunywa kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo.

Haukupita muda, Madamu Nabasa na walimu wengine wakaitwa kwenye kikao kifupi kuhusu fainali. "Andikeni majina ya wachezaji saba," aliwaambia Shadiah na Medius kabla ya kuondoka. "Nyinyi ndio mnaojuana. Bwana Sowedi, msimamizi wa mashindano, atapita kuichukua orodha."

Shadiah alishika kalamu mara moja. Aliandika jina lake, la Medius, kisha akaanza kuandika la Hamidah.

"Ngoja," Medius alisema.

"Ningoje nini tena? Fainali ni na timu ya Hima! Bila Hamidah tutafungwa."

Hamidah alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu nao. Medius alikuwa amemwangalia tangu mechi ya pili. Alimwona akitua vibaya baada ya kuruka. Alimwona akilegeza kamba za kiatu cha kushoto, cha kulia akakiacha kama kilivyo. Alimwona akiinuka kumsalimia shangazi yake huku ameegemea bega la Ronah.

"Hamidah, mguu unauma?" Medius aliuliza.

"Mimi niko sawa tu."

"Umesikia? Amesema yuko sawa," Shadiah alidakia.

Medius alipiga hesabu. Akikosea, Bwera nzima itasema yeye ndiye aliyewanyima kombe. Pengine Hamidah hatamsemesha tena. Kwa kawaida angezungusha mawazo hayo mpaka jioni. Lakini Bwana Sowedi alikuwa anakuja na makaratasi yake, na Medius akagundua jambo ambalo hakulitarajia: hakuwa na kitu kilichobaki cha kufikiria. Alikuwa ameshafikiri muda wote ule aliokuwa akimwangalia.

"Hamidah hachezi," alisema. "Vua kiatu, tuone."

Hamidah alikivua polepole. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi. Macho yake yakajaa machozi. "Shangazi ametoka mbali," alinong'ona. "Nilitaka anione."

Shadiah alikitazama kifundo, akaitazama kalamu, akalikata jina. "Sasa nani acheze?"

"Tunaye Ronah," Medius alianza. "Ni mrefu, lakini hajawahi kucheza nje ya Bwera. Tukimhamisha beki pale mbele, nyuma patabaki wazi. Ila pia tunaweza..."

"Ronah!" Shadiah alisema, akaandika na kumkabidhi Bwana Sowedi karatasi. Alimgeukia Medius akiwa na wasiwasi kidogo. "Nimekosea?"

Medius akaanza kucheka. "Hujakosea. Ila peke yangu nisingefika."

Wakati Hamidah akikandwa mguu kwa maji ya baridi, wao wawili walisimama kando wakapanga. Medius angeamua mpira unakwenda wapi kabla haujamfikia mkononi. Shadiah angehesabu moja kimoyomoyo kabla ya kurusha.

Fainali ilikuwa ngumu. Wasichana wa Hima walikuwa na mbio, na mashabiki wao walipiga ngoma bila kupumzika. Ronah alikosa mabao mawili ya mwanzo, akataka kujificha nyuma ya nguzo. "Lako ni la tatu!" Hamidah alimpigia kelele kutoka pembeni, na kweli la tatu likaingia. Zikiwa zimebaki dakika chache kabisa, timu zilikuwa sawa, kumi na moja kwa kumi na moja.

Shadiah akaudaka mpira. Beki wa Hima, aliyekuwa amemsoma tangu mwanzo, aliruka kuuzuia. Lakini Shadiah alikuwa bado anahesabu moja. Beki akatua mikono mitupu. Ndipo Shadiah akampasia Medius, na Medius, aliyekuwa ameshaamua, akaurusha juu kwa Ronah bila hata kupepesa. Ronah akaudaka, akalenga; mpira ukacheza juu ya pete, ukazunguka kidogo, ukatumbukia. Hima hawakupata nafasi nyingine.

Shangazi wa Hamidah alipiga vigelegele vingi kuliko asubuhi. Alikuwa amebeba samaki wa kukaanga kwenye kapu, na timu nzima iliketi kuwala kwa mikono yenye vumbi mpaka Madamu Nabasa akawafukuza wakanawe.

Waliporudi, Shadiah na Medius walimwomba Madamu radhi kwa kugombana, wakamsimulia habari ya orodha. Madamu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wengi waliniuliza kwa nini niliwachagua nyinyi wawili," alisema. "Shadiah anaamua haraka. Siku ya kuhitaji haraka, yeye ni hazina. Medius anatazama sana, na leo kutazama kwake kumeuokoa mguu wa mtu. Hamidah, mwanangu, wewe uliamua kwa kuogopa kumvunja moyo shangazi yako. Moyo mzuri huo, lakini nusura ukuumize zaidi." Alimpapasa bega. "Kila mmoja wenu ana namna yake ya kuamua, wala sitaki muibadilishe. Nataka muijue. Anayejua kwamba ana haraka atauliza swali moja kabla ya kutenda. Anayejua kwamba anasitasita atajiandaa mapema. Na anayependa kuwafurahisha watu atajifunza kusema ukweli wa maumivu yake. Mkiwa na mwenzenu asiyefanana nanyi, msimchoke. Msikilizeni."

Kabla ya kuondoka walipita kituo cha afya, mguu wa Hamidah ukafungwa bendeji. Haukuvunjika, ulikuwa umeteguka tu, na nesi alisema angecheza tena baada ya wiki chache.

Basi lilipoanza kuondoka Kasese, kelele zikaanza upya: nani atashuka na kombe Bwera, mbele ya wazazi?

"Hamidah," Medius alisema papo hapo.

Shadiah, aliyekuwa amelikumbatia kombe hilo, alimtazama kwa makini, akahesabu moja kimoyomoyo. "Una hakika?"

"Kabisa."

Basi zima likacheka, na Shadiah akaliweka kombe mapajani mwa Hamidah.