Nilimrekodi Mzee Niliyemtunza, Dunia Ikamcheka

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Bungoma. Ninaandika haya nikiwa Castle Vale, Birmingham, kwenye kochi la rafiki yangu Mkongo, Mama Neema, aliyenipokea wengine waliponifungia milango. Siandiki ili mnihurumie. Sistahili!

Nilikuja huku Uingereza kwa visa ya kazi ya kutunza wazee. Binti yangu, Nekesa, nilimwacha kwa mama. Kampuni iliyonileta ilinipeleka mtaa wa Moseley, jijini humuhumu, kwa mzee mmoja Mwingereza aliyeishi peke yake sakafu ya chini ya nyumba kubwa ya zamani. Nitamwita Mzee Gordon.

Gordon alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, na mwigizaji. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha magari, mama yake aliosha vyombo shuleni. Ujanani alianza kwa kuchekesha walevi kwenye baa. Kisha akaandika mchezo kuhusu mama anayekwenda kununua kofia ya kuvaa kwenye mazishi ya mumewe, ilhali mume yuko nyumbani anakunywa chai! Mama huyo aliigizwa na Gordon mwenyewe, ndani ya gauni. Alizunguka nao Uingereza nzima, akasikika redioni, watu wakawa wanamsimamisha barabarani. Halafu mambo yakabadilika, simu zikanyamaza, wake wawili wakaondoka.

"Wa kwanza alinichoka," aliniambia. "Wa pili alikuja akiwa tayari amechoka."

Alikuwa mcheshi ajabu... Ugonjwa ulimtetemesha mwili mzima, kwa hiyo nilimlisha. Siku ya kwanza kijiko kikaenda shavuni. Akanitazama, akasema, "Umevuka bara zima kuja kuutafuta mdomo wangu, na bado umeukosa." Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Katika mji ambao jirani yangu hakuwahi kunisalimia, mzee huyu aliniuliza habari za Nekesa kila asubuhi. Alijua hata jina la mwalimu wake!

Sasa sikilizeni nilichomfanyia.

Ukumbi mdogo ulio juu ya baa, palepale alipoanzia, ulimwomba apande jukwaani kwa mara ya mwisho, aigize kipande cha yule mama na kofia. Gordon alifurahi kama bwana harusi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifanya mazoezi sebuleni, nami nikishika karatasi ili nimkumbushe maneno. Binti yake, Helen, anayeishi London, aliahidi kuja na familia nzima.

Alasiri moja aliniomba nimvalishe gauni lenyewe, na kofia. Akasimama, ameshikilia fremu yake ya kutembelea. Nikatoa simu kwa siri, nikaanza kurekodi. Alianza vizuri... kisha maneno yakampotea. Akarudia sentensi ileile mara tatu, mara nne. Halafu nikaona gauni linalowa. Alikuwa amejikojolea, wala hakujua! Aliendelea kuigiza.

Na mimi? Badala ya kuiweka simu chini nikamsaidie, niliendelea kurekodi. Nilicheka! Nilikuwa nimefanya kazi siku tisa mfululizo, nilikuwa mpweke... hivyo ndivyo nilivyojitetea baadaye. Lakini je, uchovu una mkono wa kushika simu?

Nikaituma video hiyo kwenye kikundi chetu cha simu, akina mama sita wa kutoka nyumbani. Nikaandika, "Hii ndiyo kazi iliyonitoa Kenya, jameni!" Wakacheka, nami nikajisikia nina watu wangu. Mmoja wao, sijui nani hadi leo, akaitupa mtandaoni.

Siku ya tatu ilikuwa imefika Nairobi na kurudi. Watu walikuwa wameitia muziki! Mtu mmoja aliyependa michezo ya Gordon tangu zamani akamtambua, akamjulisha Helen.

Helen alifika asubuhi. Hata koti hakuvua. Aliniwekea video mbele ya macho, kicheko changu kikajaa sebuleni. Gordon, aliyekuwa kitini, akataka kuiona. Helen alikataa, mzee akasisitiza. Akaitazama hadi mwisho. Nilitamani ardhi inimeze! Nilidhani atanitukana. Afadhali angenitukana...

Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Walicheka wapi?"

Sikuelewa. Akarudia, kama mtu anayeulizia kazi yake: "Hao watazamaji. Walicheka kwenye kofia, au baadaye?"

Ningeweza kudanganya. "Baadaye," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hawakumcheka yule mama. Walinicheka mimi."

Hakunisemesha tena. Siku hiyohiyo aliagiza watu wa ukumbi waambiwe kwamba haendi.

Kampuni ikanifuta kazi. Kwa visa yangu nilipewa siku sitini nipate mwajiri mwingine, la sivyo niondoke nchini. Nani angenichukua? Dada wa kanisani aliyenipangisha chumba mtaa wa Nechells aliniambia nihame, eti nimewaaibisha Wakenya. Na wale sita? Walijitoa kwenye kikundi mmoja baada ya mwingine. Waliocheka pamoja nami!

Ni Mama Neema pekee aliyeniambia ukweli usoni. "Dada, miye nitakupa fasi ya kulala, lakini sitakudanganya," alisema. "Ule ni baba ya mutu. Weye ulimuvua nguo mbele ya batu."

Wiki ya tano nikapata habari kwamba Gordon amefariki. Mapafu, walisema. Nilikutana na mama wa Kizimbabwe aliyechukua nafasi yangu. Aliniambia mzee alikuwa mpole, mkimya, hakupenda kula. Nikamuuliza kama mzee aliwahi kumchekesha. Akanishangaa. Hakujua kabisa kwamba yule mzee alikuwa mchekeshaji!

Siku ya mazishi nilisimama ng'ambo ya barabara. Helen aliniona, akageuza uso. Ningemlaumu vipi?

Nilidhani nimefika mwisho wa aibu. Jumapili iliyopita Nekesa akanipigia simu. Wenzake shuleni walikuwa wamemwonyesha ile video, akaitambua sauti.

"Mama, ni wewe unacheka?"

Nikakiri. Akauliza, "Kwa nini hukumsaidia?"

Ana miaka tisa.

Zimebaki siku kumi na moja niondoke. Ndugu msomaji, wewe unayeogesha na kulisha wazazi wa wenzio ugenini, nakusihi! Mtu dhaifu akiaibika mbele yako, mfunike. Usitafute kicheko cha marafiki kwa unyonge wake. Nilimwomba Gordon msamaha kwa barua ambayo sijui kama alisomewa.

Na kama tayari unayo video ya namna hiyo kwenye simu yako, hata kama hujamwonyesha mtu... ifute sasa hivi, kabla hujageuza ukurasa huu.